Ya Desmond Ipo

Baa ya Kondoo Dume,
Cloughden.
Jumanne, baada ya chakula cha mchana.

Kaka yangu Desmond,

Nakusalimu kutoka jikoni kwa Mama, kwenye meza ileile yenye alama ya pasi uliyoiunguza wewe ukasema ni mimi. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na goti lako, na kwamba jua la huko Timaru limeanza kukutoa nje. Huku kwetu mvua imeushika mlima tangu wiki jana na haina haraka ya kwenda popote. Binti yako Marama hajambo? Na yule mjukuu aliyeng'oka meno ya mbele, yameshaota? Mimi sijambo. Nasema hivyo kwa mazoea tu. Ukinisoma hadi mwisho utaamua mwenyewe kama sijambo au nina jambo.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu wewe hunitania, mimi nacheka, halafu unasema kuku wako wanakungoja, tunaagana bila kugusa kilichonifanya nikupigie. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Kwa hiyo vaa miwani, kaa kitako, na usikasirike kabla hujafika kwenye jina langu pale chini.

Jambo lenyewe unalijua. Ule mfuko wa uwekezaji wa London umerudi na ombi lake la kukinunua kiwanda cha bia cha Thackwray pamoja na baa zake zote, hii yetu ikiwemo. Hisa alizotuachia Baba ziko kwa majina yetu mawili, na hazipigi kura bila sahihi zetu mbili. Safari hii wanahisa wamegawanyika katikati, na wanasema hisa zetu ndizo zitakazoelemeza mzani. Mara ya kwanza walipokuja ulijibu hapana. Mara ya pili ulijibu hapana, ukaongeza, "Sasa mimi nikirudi nitalala wapi, Glenys, kituo cha basi?" Nilicheka sana. Nikawaambia watu wa Thackwray kwamba kaka yangu hauzi kwao, anarudi mwakani.

Baa unayoikumbuka wewe, Desmond, haipo. Unakumbuka Ijumaa ile ya mishahara, king'ora cha kiwanda cha nguo kikilia na Baba ameshazipanga glasi za painti za bia kwenye kaunta kabla ya kufungua mlango. Kile kiwanda sasa ni fleti. Wanaoishi humo wanafanya kazi Leeds, wengine hata hawatoki, wanafanyia kazi kitandani na kompyuta juu ya mapaja. Jioni wanapita hapa mbele na mifuko ya supamaketi, bia imo humohumo kwenye mfuko pamoja na sabuni, kwa nusu ya bei yangu, na wanaenda kuinywa mbele ya televisheni wamevua viatu. Siwalaumu. Hata mimi natamani kuvua viatu.

Vijana ndio kabisa. Juzijuzi Jumamosi liliingia kundi la wasichana, sherehe ya kuzaliwa, nikajisemea leo Mungu kanikumbuka. Wote wakaagiza maji yenye ndimu. Mmoja, yule mtundu wao, akaagiza bia isiyo na kilevi, na wenzake wakampigia makofi. Walikuwa na adabu, tena wakanisaidia kukusanya glasi, wakaondoka mapema kwa sababu asubuhi walikuwa na mbio za mlimani. Enzi zetu Jumapili asubuhi huko mlimani alikuwepo kondoo peke yake.

Nawe unajua bia ya pipa ilivyo. Ukishaitoboa, ina siku chache tu za uhai, haingoji mtu. Wanywaji wakiwa wachache inachachia chini ghalani kabla pipa halijafika nusu, na mimi ndiye ninayeimwaga kwenye mfereji asubuhi huku nimetazama kando. Thackwray wamebaki na dereva mmoja wa lori, mtu mzima mwenye ngiri, analishusha pipa hadi mlangoni basi. Kulifikisha chini ni kazi yangu na zile ngazi za mawe. Nikifika chini nakaa juu ya pipa nihemee, na kuna siku nakaa mpaka nasahau kilichonipeleka. Nimechoka, Desmond. Sijawahi kukuandikia neno hilo, basi lisome mara mbili.

Mwezi uliopita, Jumatatu mchana, walikuwa wamekaa wateja wangu wawili wa Jumatatu. Norman Haigh unamkumbuka, yule fundi wa mitambo ya kufuma aliyekufundisha kurusha vishale. Na Irene Lumb, aliyekuwa akiuza soksi sokoni, ambaye bado humwita kila mtu kipenzi, hata watu wa kodi. Walikuwa wakicheza dhumna na kutuhumiana wizi kama kawaida. Mlango ukafunguka, akaingia kijana amelowa chapachapa, na viatu vyake si vya Cloughden.

Akajitambulisha bila kujificha. Jina lake Callum Prowse, ametumwa na ule mfuko wa London, na kazi yake ni kuzunguka nchi nzima akizitazama baa na viwanda vya bia, kisha kuwashauri wenye fedha waziweke huko au wazikimbize. Norman, ambaye siku hizi akinong'ona husikika hadi barabarani, akasema mpima maiti ameshafika, atutafutie jeneza zuri. Irene akamwambia nyamaza wewe, mtoto wa watu kalowa. Halafu akanikonyeza, akasema, "Glenys, yake ipo."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikavuta painti, nikamsogezea yule kijana, nikamwambia yako ipo. Akatazama nyuma yake kama mtu aliyedondosha ufunguo. Akauliza kwa upole nini kipo. Ikabidi nimweleze desturi ya Baba, jambo ambalo sijawahi kumweleza mtu kwa sababu hapa kila mtu alizaliwa akilijua. Kwamba katika nyumba hii mtu anaweza kumlipia mwenzake bia hata kama mwenzake hajafika, na akifika anaambiwa yako ipo, anakunywa, na siku nyingine naye anamwekea mtu. Kwamba watu husema asiyekuwepo na lake halipo, ila Baba aliigeuza methali hiyo: hapa asiyekuwepo na lake lipo, tena limeshalipiwa. Kijana akasikiliza kwa makini, akashukuru sana. Kisha akasema yeye hanywi pombe, na akaniomba, kwa heshima zote, "Hii mpe mwingine."

Wewe unajua ni nini alichokisema. Norman alikuwa ameinua kete ya dhumna, ikabaki hewani. Maneno hayo hapa husemwa mara moja tu kwa kila mtu, siku jamaa zake wanaporudi kutoka kumzika, wakikuta bado kuna bia aliyowekewa. Aliyeyasema mara ya mwisho alikuwa Irene mwenyewe, amesimama palepale, siku ya mumewe Alf. Sote tukamtazama Irene. Yule kijana naye akaona tunamtazama Irene, akawa mwekundu bila kujua kosa lake.

Irene ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka hadi akashika meza. "Pole, kipenzi," akamwambia, "umekufa lini?" Norman akadakia kwamba ndiyo maana kapauka vile, na kwamba London wanachelewa sana kuzika. Tulipomfafanulia, naye akacheka, si cheko la kuturidhisha bali la kweli, akauliza kama marehemu anaruhusiwa chai. Nikamchemshia, nikampa na pai ya jana. Tangu hapo hawakumwita Callum tena. Ikawa Marehemu ongeza sukari, Marehemu sogea tuone kete.

Alikaa hadi jioni kuingia, mvua haikumpa nafasi. Nikaona heri nimuulize. Nikamwambia nisemeshe kama unavyomsemesha mama yako, hizi hisa za bia zina maisha au hazina? Hakunirushia maneno ya ofisini. Alisema watu hawazichukii baa. Wakiulizwa, kila mtu anasema anaipenda baa ya kwao na angeumia ikifungwa, ila hajaingia humo tangu Krismasi. Wanakunywa kidogo, vijana hawanywi, na anayekunywa yuko nyumbani. Baa zitakazopona, alisema, ni zenye jiko kubwa, vyumba vya kulala wageni na bustani ya watoto, na baadhi zitapona vizuri tu. Viwanda vikubwa navyo vina miguu katika nchi nyingi, ukivunjika mmoja vinasimama kwa mwingine, na hata hiyo bia isiyo na kilevi ni wao wanaoiuza. Thackwray ina mguu mmoja, nao unauma. Nikamuuliza kama ni hivyo wanainunua ya nini. Akaitazama dari, akasema wenye fedha wake wananunua kuta na ardhi. Baa chache watazibakiza. Hii yetu, iliyo juu kilimani bila hata nafasi ya kuegesha magari, itakuwa fleti. Na fedha za mama yake, kama ningetaka kujua, asingeziweka hapa. Angeuza sasa, wakati bado kuna anayetaka.

Norman hakuvumilia. Akamuuliza babu yake alikuwa akinywa nini basi, maziwa ya mbuzi? Yule kijana akajibu taratibu kwamba babu yake alikuwa na baa, huko kwao bandarini Cornwall, na aliinywa. Baba yake akarithi iliyobaki, naye akainywa. Ndiyo sababu yeye anakunywa chai. Hakusema kwa uchungu wala kwa kujisifu, alisema tu huku akikoroga kikombe. Norman akamsogezea lile bakuli la mayai yaliyolowekwa kwenye siki, naye hayasogezi mayai yale kwa mtu yeyote.

Wakati anavaa koti ndipo alipoiona glasi yako. Iko palepale alipoiweka Baba, kwenye kona ya rafu ya juu, imefunikwa kichwa chini, na naipangusa kila Jumamosi. Akauliza ya nani. Nikamweleza ya kaka yangu. Kwamba siku alipoondoka kwenda New Zealand Baba alikataa kumsindikiza stesheni, alisimama nyuma ya kaunta na macho mekundu, akaifunika glasi ile, akawatangazia watu wote, "Ya Desmond ipo." Na kwamba hata siku anakufa, pale hospitalini, aliniuliza kama ya Desmond ipo, nikamwambia ipo, Baba. Kijana akauliza huyo kaka anarudi lini. Nikasema mwakani. Akaniuliza, bila ubaya wowote, kama vile daktari anavyokuuliza umekula lini, "Mwakani ya mwaka gani?"

Nikajifanya nimeitwa na pampu ya bia. Alipofika mlangoni akarudi, akaweka noti kwenye kaunta, akasema kwa sauti ya mtu anayejaribu lugha ya ugenini, "Ya Norman ipo. Na ya Irene ipo." Norman akapiga meza, "Marehemu kafufuka!" Hata mimi nilicheka. Lakini swali lake halikutoka naye. Lilibaki humu ndani pamoja nami, kila nilipoinua macho kwenye ile rafu.

Sasa nafika panapouma. Wiki iliyofuata nilimpigia Marama kumuuliza saizi yako ya sweta, maana nimeanza kukufumia ya Krismasi na sikumbuki kama umenenepa au umekonda. Alikuwa anapika, akanijibu haraka haraka huku sufuria zikigongana. Nilipouliza uko wapi, akasema umeenda makaburini kupanda maua. Akasema tangu uinunue ile sehemu kando ya mama yake Ngaire umetulia moyo sana, hata jiwe umeshalichagua, jiwe la kijivu, na umewaambia waandike majina yenu mawili. Alidhani najua. Nikamwambia ndiyo, najua. Nikamuuliza tena saizi ya sweta, kwa sababu jibu la kwanza sikulisikia.

Desmond, umenunua kaburi hukuniambia! Unamwambia fundi wa mawe, unamwambia mwuza maua, mimi unaniambia utalala wapi ukirudi! Mwaka jana wakati unaandika hapana yako ulikuwa umeshaamua utakapolala. Nimekipasha moto chumba chako kila majira ya baridi kisiote ukungu. Nimezibeba zile ngazi mgongoni. Nilikasirika hadi nikalivunja bakuli la mayai ya siki, na Norman bado hajanisamehe.

Nimeshatulia sasa, ndiyo maana naandika. Sikulaumu kutaka kulala kando ya Ngaire. Angekuwa mume wangu, nami ningetaka vivyo hivyo. Nakulaumu kwa ile hapana. Wewe uliitoa kwa kuipenda nyumba, najua, kwa sababu mtu aliye mbali anataka kujua kwao kupo. Lakini kwenu, kaka yangu, kunahitaji mtu wa kupiga deki, na mtu huyo ni mimi.

Nilichokuwa nakiogopa baada ya hapo ni kumwambia Norman. Nilijua nikifunga nitakuwa nimemuua, maana hana mke, hana mtoto, ana dhumna na Kondoo Dume. Nikangoja Jumatatu, nikamkalisha, nikamwambia nafikiri tutauza. Akavua kofia. Akatazama ndani ya kofia. Halafu akaniuliza kama nina hakika, kwa sababu kama nina hakika, basi kuna jambo na yeye amelinyamazia. Daktari alishamkataza kupanda kilima hiki. Mapafu hayataki, na bia yenyewe haimkai vizuri tumboni. Nikamuuliza kwa hiyo unakuja kufanya nini kwenye mvua yote hii, mzee mzima? Akaniambia, "Sasa wewe Glenys, nisipokuja, nani atakaa na wewe humu?"

Desmond, mimi nafungua Jumatatu kwa ajili ya Norman. Nawasha taa, nawasha moto, natoboa pipa, kwa ajili ya mtu mmoja ambaye angependa kubaki kwake, na anapanda mlima akihema kwa ajili ya mtu mmoja ambaye angependa kufunga. Tumekuwa tukioneana huruma kwa gharama ya umeme. Tukatazamana kama wajinga wawili. Irene akasema wajinga ni watatu, kwa sababu na yeye anakuja kuhakikisha hawa wawili wamekula. Akatangaza kwamba jikoni kwake kuna meza, iko chini bondeni, haina ngazi, na dhumna inachezeka popote. Norman amekubali, ila ameweka wazi kwamba chai haina povu.

Na sasa ungamo langu, nililolizunguka tangu mstari wa kwanza.

Jumapili iliyopita, watu wa chakula cha mchana walipokwisha kuondoka, jua lilichungulia kidogo kupitia dirisha la mbele, lile la kiti chako. Norman na Irene walikuwa wamebaki kunisaidia kukausha vyombo. Nikapanda kwenye kigoda, nikaishusha glasi yako. Nikaioshaosha, nikaisimamisha wima kwenye kaunta. Norman akaona, akaacha kitambaa. Akaniuliza taratibu nitampa nani.

"Mpe mwingine" siwezi, wewe hujafa, Mungu akuweke. "Akirudi atakunywa" nayo siwezi, maana hurudi. Nimekulia katika nyumba hii, najua kila neno la Baba, na ndipo nilipogundua kwamba Baba hakutuachia neno la mtu aliye hai ambaye harudi. Kwake alikuwepo atakayekuja na aliyekufa, basi. Nilisimama na mkono juu ya pampu kama mgeni, kama yule kijana wa London. Halafu nikajisikia nikisema, "Nipe mimi."

Nikaivuta mwenyewe, kutoka pipa jipya, taratibu kama Baba alivyotufundisha. Nikaenda nayo kwenye kiti chako. Nikainywa yote, Desmond. Nimeinywa bia yako. Ilikuwa nzuri, na ubaridi wa ghalani, na ule uchungu wake unaokuja mwishoni ukidhani umemaliza. Nililia kidogo, na Irene akaniacha nilie. Kisha nikapiga mbweu ambayo Norman anasema ingemfurahisha Baba. Nikavua viatu, nikaviacha chini ya meza, nikakaa hivyo hadi jua likaondoka dirishani.

Jana nimetia sahihi. Karatasi zimo ndani ya bahasha hii, na nafasi yako iko chini ya yangu. Sitaki utie kwa kunionea huruma. Huruma tumeshaoneana vya kutosha katika familia hii. Tia kwa sababu ni kweli hurudi. Na usipotia, sitakuchukia, lakini baada ya Krismasi funguo nitawarudishia Thackwray vilevile, nao watafute wa kuzishuka zile ngazi. Mimi sizishuki tena.

Norman anakusalimu, na anasema vile vishale vyake ulivyoviazima uvirudishe. Irene anakusalimu, kipenzi, na anakupa pole ya goti. Nisalimie Marama, usimgombeze, hakujua kwamba sijui. Mbusu kibogoyo wako mdogo. Kwa Ngaire, ukienda kumwagilia yale maua, mwambie wifi yake anamsalimu.

Nimeulizia nauli. Miaka yote hii sijapaona unapoishi, kwa sababu kila nilipotaka kuja nilijiuliza nani atafungua baa. Sasa hakuna wa kufungua wala cha kufungua, kwa hiyo nikijaliwa nitakuja mwezi wa pili, na sweta yako begani hata kama huko ni joto. Usihangaike na chumba wala usije kunipokea na hilo goti. Nitaulizia njia mwenyewe. Nikifika mlangoni nitasimama, nitakuuliza neno moja tu, nawe tangu leo anza kujiandaa kulijibu: yangu ipo?

Ni mimi dada yako,

Glenys